Somoe, Ukifika Kwenye Kinu Piga Honi

Somoe mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini nakusikia huko uani unamgombeza Shabani kwamba godoro amelifunga kama anafunga mbuzi wa mnadani, kwa hiyo afya yako naijua. Ya mumeo naijua pia: anavumilia. Mie ni mzima wa kuwatosha watu wawili. Nimekaa barazani upande wa jikoni, jua la alasiri linanichoma mguu mmoja tu, na mkaza mjomba wako Bi Tatu ameshapita hapa na ndoo isiyo na maji, akajifanya anafagia, akapita tena. Anataka kujua naandika nini. Nimemwambia naandika mambo ya magari. Akasema, "Basi karatasi haitatosha."

Kesho asubuhi mnahamia Dar es Salaam. Habari za kufunga madirisha, kuchemsha maji ya kunywa, watoto wasicheze na watu msiowajua, hizo Bi Tatu ameshakwambia, na atakwambia tena kesho mkiwa mmeshapanda. Mie sirudii. Mie nashika jambo moja ambalo katika ukoo huu mzima hakuna mwenye haki ya kulisema isipokuwa mie, nalo ni gari. Mmesema mkifika tu, hata mapazia hamjatundika, mnakwenda kulichukua. Na mpaka saa hii hamjakata shauri kama mtachukua lile la umeme mtupu au lile haibridi, linalotumia petroli na umeme.

Najua kuna neno nilisema kule Dar, yadini kwa wauza magari, na najua limekukaa. Nitalifikia. Lakini kwanza kumbuka anayekuandikia ni nani.

Shule niliishia darasa la nne. Si kwa ujinga. Mwalimu aliniita pembeni akaniambia, "Wewe Mbwana, nikiendelea kukufundisha nitabaki sina kitu." Nikamhurumia, nikaingia kwenye malori. Nilianza utingo, nikawa dereva, nikabeba nazi na boriti kutoka Nyamisati mpaka Kibiti wakati ule barabara haikuwa barabara, ilikuwa fununu. Unasikia tu kwamba ipo.

Siku moja tumetoka Nyamisati, lori limejaa nazi mpaka utingo amekaa juu kabisa kama kunguru. Katikati ya pori dizeli ikakata. Hakuna mtu, hakuna simu, kuna mbu tu, na mbu wa kule unajua, wawili wakikushika mabega wanakuhamisha. Utingo akaanza kulia. Nikamwambia, "Shuka, leta mbuzi." Si mbuzi wa kuchinja, mbuzi ya kukunia nazi, nilikuwa sitembei bila mbuzi. Tukakuna, tukakamua tui, tukalichemsha pale pale njiani mpaka mafuta yakajitenga, nikayatia kwenye tangi. Lori likakohoa, likapiga chafya, likaondoka. Moshi wake ulinukia maandazi. Kila kijiji tulichopita watu wanatoka na sahani. Tunaingia Kibiti, nyuma yetu kuna msururu wa watu wanakimbia na vikombe vya chai mkononi.

Bi Tatu hudai eti siku ile tulisaidiwa dizeli na lori la korosho. Bi Tatu hakuwepo.

Kwa hiyo hao wanaojisifu kwamba wamebuni gari la kutumia vitu viwili, wape salamu zangu. Mie nilitangulia, ila sikuwa na kiwanda.

Sasa gari langu la rangi ya maziwa. Nilipokwenda kulinunua nilivaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya kutarizi. Dalali aliponiona tu akasema, "Mzee, gari hili limekupendeza." Basi, ikawa imekwisha. Sikufungua boneti. Sikuuliza spea zinapatikana wapi, wala nani wa huku kwetu ameshawahi kulifungua gari la aina ile. Sikuinama kutazama tumbo lake limeinuka kiasi gani kutoka ardhini. Nilijitazama kwenye kioo cha mlango, nikaona nimekaa sawasawa, nikapiga honi, nikajaribu redio, nikatoa hela.

Liliingia hapa kwetu Mkongo kwa heshima, usiseme. Ilikuwa Ijumaa, watu wanatoka msikitini, nikalipitisha polepole ili hata wazee wenye mtoto wa jicho waone. Nikafika kwenye lile dimbwi la mbele ya kinu cha kukoboa mpunga, likakaa. Kwa tumbo. Kama bata. Tulipolitoa kuna kitu kilikuwa kimekatika huko chini, na kitu hicho hakikupatikana Ikwiriri, hakikupatikana Kibiti, na Dar wenyewe waliniuliza gari hilo nililipata wapi. Mafundi walikuwa wanakuja kulitazama kama bibi harusi, kila mtu anasifu, hakuna anayethubutu kugusa. Likasukumwa mpaka chini ya mkorosho, na huko ndiko liliko, kuku wa Bi Tatu wanataga kiti cha nyuma.

Na wewe ndani ya gari lile unapajua kuliko mimi mwenye kadi. Dada yangu, mama yako, Mungu amrehemu, alipotuachia wewe, nyumba hii ilikuwa na watoto wengi na kelele nyingi zaidi ya watoto. Wewe ukachukua daftari lako, ukaingia kiti cha mbele, ukapandisha vioo. Mvua inanyesha, wewe unasoma. Kuku anataga nyuma, wewe mbele unafanya hesabu. Watu walikuwa wananipigia kelele pale barabarani, "Mbwana, gari lako mbona haliendi?" Nawajibu, "Nyamazeni, lina abiria." Leo wewe ni mwalimu, na shule ya mjini inakungoja. Sasa mtu asimame aniambie, gari gani hapa Mkongo limefikisha mtu mbali kama langu?

Lakini si kila mtu atapata bahati ya gari bovu kama mie. Ninachotaka ukichukue hapo ni kidogo tu: muuzaji akianza kukusifu wewe, ujue kwenye gari amekosa la kusifu.

Ndiyo maana siku ile mliponichukua twende wote yadini nilivaa shati la shambani, kusudi. Na kweli yule kijana muuzaji hakunisifu. Alidhani nimekuja kuomba kazi ya ulinzi. Akawageukia nyie, akaanza na lile la kijivu. "Hii ni haibridi," akasema, kisha akanitazama na shati langu akaona anisaidie. "Kwa Kiswahili, mzee, ni gari chotara."

Unakumbuka nilivyokuvuta mkono?

"Somoe, twendeni zetu."

"Kuna nini tena, Mjomba?"

"Hujasikia? Chotara. Umesahau mahindi yale?"

Maana mwaka ule wa mahindi chotara hata wewe ulikuwepo. Msimu wa kwanza yalizaa mpaka dari ya ghala ikainuka. Nikaona hakuna haja ya kurudi dukani, nikachagua magunzi yaliyonona, nikatunza mbegu yangu, nikapanda tena. Lo! Mengine yaliota marefu kama minazi, mengine kuku anayachungulia kwa juu, na hindi moja nililovuna lilikuwa na punje tatu, kama mdomo wa bibi yako. Bwana shamba akanicheka akasema chotara hairudiwi, kila msimu unanunua upya. Sasa mtu mzima, mwenye akili zake, ananiletea gari chotara?

Nikamfuata yule kijana. "Baba, watu wangu hawa ni walimu. Hawawezi kununua gari kila msimu."

"Msimu gani, mzee?"

"Wa masika. Au za kwenu zinarudiwa?"

Shabani alikuwa ameinamisha kichwa chini ya boneti kama anayetafuta kitu kilichodondoka. Mabega yalikuwa yanacheza. Nilimwona, mwambie nilimwona.

Wewe hukucheka. Ulinieleza taratibu, kwa sauti ile unayowasomeshea watoto wa darasa la kwanza, kwamba hapa chotara maana yake lina injini ya petroli na mota ya umeme, na vinapokezana. Nikaelewa mara moja, kama kawaida yangu. Ila kijana akazidisha. Akasema, "Na halichomekwi popote, mzee. Ukikanyaga breki, betri inajichaji yenyewe." Hapo mie, ambaye maisha yangu yote sijatia chumvi katika habari yoyote, nikamtazama nikasema moyoni, huyu kanizidi. Unasimama, halafu kusimama ndiko kunakokupa nguvu za kwenda! Nikataka nione kwa macho. Tukaingia nalo kwenye foleni ya Mbagala, wewe kwenye usukani, mie nyuma na watoto, na kweli: kila ukigusa breki, kile kipicha cha betri kwenye kioo kinapanda, injini imezima, tunatambaa kimya. Njia ikifunguka, injini inanguruma, tunaondoka. Wenzetu kwenye foleni wanatukana, sisi tunavuna.

Ndipo nilipolipenda lile la kijivu, na nikampa Shabani hotuba ambayo naamini ataisimulia kwa wajukuu. Nilimwambia sisi watu wa Rufiji ndio haibridi wa kwanza. Babu zako walikuwa na nyumba huku juu na dungu kule bondeni, kile kibanda cha miguu mirefu. Maji ya mto yakija, wana pa kwenda. Mpunga ukiiva, wana pa kulala wafukuze nguruwe. Mtu mwenye nyumba moja tu alikuwa anaonekana hajatulia akili. Na gari hili ni hivyo hivyo: umeme ukiliishia, linapanda kwenye petroli yake. Petroli ikiwa mbali, linashuka kwenye umeme. Lina dungu.

Halafu tukaja kwenye lile la buluu, la umeme mtupu.

Nilikaa kwenye usukani mie mwenyewe, maana dereva ni dereva. Nikabonyeza kitufe. Kimya. Nikabonyeza tena. Kijana akasema, "Mzee, ulikuwa umeshaliwasha, sasa umelizima." Nikamwambia namjaribu yeye. Nikaliwasha, nikakanyaga mafuta, yaani ile pedeli, maana mafuta hayamo. Mwanangu! Kofia yangu ilibaki kiti cha nyuma. Tulitoka pale yadini mawazo yangu bado yamesimama getini. Nimeendesha lori lenye breki za kuomba Mungu, sijawahi kwenda hivyo, tena kimya, unasikia tairi tu na watoto wanacheka.

Shabani alikuwa na sababu zake na zilikuwa sababu za mtu mzima. Kwamba halina oili ya kumwaga wala plagi za kubadili. Kwamba unalichomeka jioni nyumbani, mita ya luku inahesabu, asubuhi limejaa. Kwamba kwenye foleni likisimama, limesimama, haliungui kitu. Kwamba kwenu na shuleni ni karibu. Mie nikaleta zangu. Betri ikichoka? Kijana akasema ina dhamana ya miaka. Nikamwambia dhamana ya mdomo nimeshawahi kupewa, liko chini ya mkorosho. Likiugua, nani ataligusa? Akataja gereji moja ya mjini. Umeme ukikatika kutwa? Akasema linatunza. Nikalala chini, kwenye sakafu yao safi, nikatazama matumbo yote mawili. La kijivu limeinuka kidogo. La buluu betri yote imelala chini ya sakafu kama gamba la kobe. Nikaona dimbwi la kinu linacheka kwa mbali.

Nikamaliza na lile swali. "Petroli ikikukatikia umeshapita Bungu, kijana wa bodaboda anakuletea kwa dumu. Umeme utaletewa kwa dumu gani?"

Shabani akasema, "Lakini Mjomba, tukilijaza Dar linafika Mkongo na linabakiza."

"Linafika," nikasema. "Linarudi?"

Na hapo hapo, kwa sauti ya lori, mbele ya watu, nikatoa neno. Nikasema mkinunua hilo la umeme msilikanyagishe Mkongo.

Safari nzima ya kurudi ulitazama barabara tu. Hata Kibiti, pale wanapotuletea korosho za kukaanga dirishani, hukunyoosha mkono, wewe ambaye tangu mdogo ukipita pale lazima nikushike nguo usidondoke.

Juzi asubuhi nilikuwa ndani ya gari la maziwa nakusanya mayai. Wewe na Bi Tatu mkaja kupepeta mchele hapo kivulini, hamkuniona. Sikutega sikio, sikio lenyewe ndilo lililokuwepo.

Bi Tatu akakuuliza, "Enhe, mmefikia lipi?"

"Tutachukua lile la kijivu, mama."

"Ndilo mlilolipenda?"

Ukapepeta kwanza. "Mwenzangu analitaka la buluu. Na mie pia. Tulipokuwa tunalirudisha yadini watoto walilala huko nyuma kabla hatujafika kona, nikamsikia Shabani anavyopumua. Tena kwa zile safari zetu za shuleni na sokoni halitatoka hata jasho. Lakini Mjomba keshasema. Nikija na la buluu atasema nimechagua gari la kutorudi."

"Mjomba wako!" Bi Tatu akasema. "Lake hilo hapo, limesimama tangu hujavunja ungo, na hakuna aliyemwambia hataki kwenda."

Mkacheka mpaka mchele ukamwagika. Mie huko ndani nimekaa na mayai kwenye kofia, kuku ananitazama uso kwa uso.

Mwanangu, maswali yangu ni ya kweli na nayasimamia. Karudini mkayaulize tena, dhamana waiandike, na gereji mkaione kwa macho. Lakini si tumbo la gari wala dumu la umeme lililonipandisha sauti siku ile. Nimekaa nimelitafuta nikaliona, na halikuwa na uhusiano na betri. Ni ule ukimya wa la buluu.

Ulipokuwa mdogo ulikuwa unalijua lori langu kwa mlio. Pale kwenye kinu nilikuwa narudisha gia ya pili, nalo linakohoa mara mbili, ko-ho, ko-ho. Wenzako hawajasikia kitu, wewe umeshaacha ugali, unakimbia njiani na tonge mkononi. Bi Tatu akikuona unatimka, anabandika chungu. Miaka yote ya lori sikuwahi kuingia uani kwangu nikakuta sijangojewa. Madereva wenzangu walikuwa wananionea gere. Walidhani nina mke mwenye ramli. Kumbe nina mtoto mwenye masikio.

Sasa zamu imegeuka. Mie ndiye nitakayekaa barazani. Na nilipolisikia lile la buluu lisivyosikika, nikaona picha: linaingia hapa uani mie nimesinzia, Bi Tatu yuko bafuni, milango inafunguka, watoto wanashuka, na chunguni hamna hata maji. Nani atakimbia kuwapokea kama hakuna kilicholia? Hilo ndilo nililolifokea pale yadini. Nilikosa namna ya kulisema mbele ya kijana wa watu, nikasema la barabara.

Basi lile neno nimelifuta. Jana mlipokwenda Kibiti kuaga nilimwita fundi wa umeme kutoka Ikwiriri. Nikamwonyesha ukuta wa nje, upande wa mkorosho, nikamwambia nataka soketi hapa, ya kufanya kazi usiku kucha. Akasema kwa kazi ya usiku kucha inataka waya mnene, breka yake peke yake na waya wa kwenda ardhini. Nikamwambia hayo ndiyo niliyokuwa nataka kumwambia. Akatoboa, akapitisha waya, akaweka na kifuniko mvua isiingie. Alipomaliza akauliza, "Mzee, unafunga mashine ya kukoboa?"

"Gari," nikasema.

Akaligeukia gari la maziwa, kuku anachungulia dirishani. Akanitazama mie. Akakusanya bisibisi zake taratibu, akaniaga kwa upole sana.

Na lile dimbwi la kinu nimezungumza na mwenye kinu, tumelijaza mawe na vipande vya matofali. Waliokuwepo watakwambia nilibeba mawe ambayo tipa lingekataa. Usiwasikilize watakaosema nilikuwa nimekaa kwenye kigogo naelekeza. Kuelekeza ndiko kuzito. Masika makali yakija, hapo hakuna muujiza, msilazimishe. Liacheni Ikwiriri kwa watu wetu mje na bodaboda, maji si ya kufanyiwa ujuba hata ukiwa na lori. Nimeshawahi kufanya ubishi na maji, mamba akanipa lifti. Nitakusimulia mkija.

Kwa hiyo kachagueni. Lichukueni kwanza wiki nzima kama watakubali, lipakieni watoto, godoro, sufuria, mlipeleke sokoni na shuleni, mliache juani mchana mwone feni ya baridi inavyokula betri. Laleni chini mtazame tumbo, msione haya. Vaeni nguo mbovu. Na mkiona la kijivu ndilo lenu, mchukue la kijivu, mie nitalisifia lina dungu mpaka mnichoke. Mkiona ni la buluu, lichukueni la buluu. Lakini Somoe, usichukue gari kwa ajili ya sauti yangu. Sauti hii haibebi watu watano na mizigo.

Sharti langu ni moja na hilo halina mjadala. Ukifika kwenye kinu, piga honi. Mara mbili, kama lilivyokuwa linakohoa. Liwe la umeme, liwe la petroli, liwe linaendeshwa kwa mafuta ya nazi, wewe piga.

Soketi ipo hapo nje, kesho ukitoka kwenda garini geuza shingo uitazame. Ilikaa saa moja tu, Bi Tatu akaja na pasi yake. Nikamwambia toa, hiyo ina mwenyewe. Nimechukua chaki kwenye mfuko wako wa shule, usiitafute, nimeandika ukutani kwa herufi kubwa: YA SOMOE. Mkija na la kijivu tutachomeka simu.

Wewe piga honi tu. Mbio zangu unazijua. Kabla hujamaliza kukunja kona utanikuta nimesimama katikati ya njia, tonge mkononi.

Mie Mjomba wako,
Mbwana
Mkongo